Mpira wa Pikipiki Hutoboka Nyumbani Kabla ya Kutoboka Njiani



Labda utashangaa kuona mafundisho ya mipira ya pikipiki ndani ya kijitabu cha afya. Umezoea kusoma hapa habari za maji safi, za chandarua, na za chakula cha watoto. Utauliza, mpira wa pikipiki una neno gani na afya? Una neno kubwa. Hapa kwetu Baraka, na katika vijiji vya milima ya Fizi, wagonjwa wengi hawafiki hospitali kwa motokari. Hufika wamepakiwa nyuma ya pikipiki. Muuguzi anayekwenda kuchanja watoto huenda kwa pikipiki. Dawa za kituo cha afya hupanda mlima kwa pikipiki. Mchungaji anayekwenda kumwombea mgonjwa naye huenda kwa pikipiki.

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kungoja kesho. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji ya mwili kila dakika. Hawa wote wanahitaji kufika upesi. Kwa hiyo tundu dogo kama kichwa cha sindano laweza kuwa na nguvu kuliko dawa zote zilizo katika ghala yetu.

Nitakuambia kosa langu mimi mwenyewe, ili ujue ya kuwa sifundishi mambo niliyoyasikia tu. Siku moja nilitoka Baraka asubuhi kupanda njia ya Fizi, na sanduku la chanjo ya surua nyuma yangu. Jioni iliyotangulia niliona mpira wa nyuma umelegea kidogo. Nikasema moyoni, “Utanifikisha.” Sikuupima, sikuupiga upepo. Katika mawe ya mlimani gurudumu likagonga jiwe moja kwa nguvu, na mara nikasikia pikipiki inayumba kama mtu mlevi. Sikuwa na kiraka wala pompi. Nilisukuma pikipiki mpaka nikapata mtu wa kunisaidia. Barafu katika sanduku ilikuwa ingali nzima, na chanjo haikuharibika. Lakini nilipofika kijijini, jua lilikuwa limekwisha kupinda. Akina mama waliokuwa wakiningoja chini ya mwembe tangu asubuhi walikuwa wamerudi mashambani na watoto wao mgongoni. Niliambiwa ya kuwa mama mmoja alitoka mbali sana kabla ya mapambazuko. Mwezi uliofuata nilimtafuta, sikumwona.

Jiwe halikunikosea. Lilikuwa mahali pake. Mimi ndimi niliyetoka nyumbani na mpira usio na upepo wa kutosha.

KILA TUNDU LINA SABABU YAKE

Kuna watu ambao mpira ukitoboka mara mbili katika safari moja husema, “Mtu fulani ameifunga njia yangu.” Humtafuta jirani wa kumlaumu. Ndugu, usiseme hivyo. Ugonjwa una sababu yake, na tundu la mpira vilevile lina sababu yake. Nasi tunayo neema hii, ya kuwa tundu lenyewe hutuonyesha sababu, kama tukilitazama vizuri. Mganga wa hospitali hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Nawe usibandike kiraka kabla ya kulisoma tundu.

Gurudumu la pikipiki nyingi za kwetu lina vitu vitatu. Kuna chuma cha mviringo kinachoitwa janti, kilichoshikwa na njiti nyembamba za chuma. Kuna mpira wa nje, ambao wengi huuita pine. Tena kuna mpira wa ndani, mwembamba, wenye valvu, unaoshika upepo. Mpira wa nje ni kama ngozi ya mwili. Mpira wa ndani ni kama mshipa wa damu. Upepo ndio unaobeba uzito wote, si mpira. Mpira hufanya kazi ya kuushika upepo tu.

Mtu aliyeufanya mpira wa upepo ukatumika duniani alikuwa mganga wa wanyama, jina lake John Boyd Dunlop, mtu wa Scotland aliyekaa katika mji wa Belfast. Mwaka 1888 alipata hati ya uvumbuzi wake, baada ya kuutengenezea mtoto wake baiskeli ya magurudumu matatu ili isimtikise. Lakini sisi watu wa Kongo tunajua mpira kwa njia nyingine pia. Watu wa Ulaya walipoanza kutaka mipira mingi, mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala nchi hii tangu 1885 mpaka 1908, aliwalazimisha watu wa vijiji kuleta utomvu wa mpira kutoka msituni. Walioshindwa walipigwa, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Mpira ulinunuliwa kwa damu ya baba zetu. Haifai sisi kuuharibu kwa uvivu.

NAMNA NNE ZA MATUNDU

Ukitoa mpira wa ndani, tazama tundu liko upande gani na lina umbo gani. Utaona mojawapo ya hizi nne.

Namna ya kwanza ni tundu moja dogo upande wa nje, yaani upande unaoelekea barabara. Hilo ni tundu la mwiba, au msumari, au kipande cha waya. Katika nchi yetu ya mawese mwiba mkubwa ni ule wa mchikichi. Kikonyo cha jani la mchikichi kina miiba migumu pembeni, na watu wakikata majani huyatupa njiani. Waya nao hutoka katika mipira mizee iliyochomwa moto barabarani. Mpira ukiisha kuungua, nyuzi zake za chuma hubaki katika vumbi, nyembamba kama nywele, nazo hupenya kila pine inayopita.

Namna ya pili ni matundu mawili yaliyo karibu, kama alama ya meno ya nyoka. Hilo si tundu la mwiba. Gurudumu liligonga jiwe au ukingo wa shimo, mpira wa nje ukabonyea mpaka ukaguswa na janti, na mpira wa ndani ukabanwa katikati kama kidole kilichobanwa na mlango. Tundu la namna hii lina sababu moja kubwa: upepo ulikuwa kidogo kwa uzito ule na kwa mwendo ule. Ndilo lililonipata mimi njia ya Fizi.

Namna ya tatu ni tundu upande wa ndani, unaoelekea janti. Hapo vichwa vya njiti vimechoma mpira, ama kwa sababu utepe wa mpira unaofunika vichwa hivyo umekatika au umesogea, ama kwa sababu njiti zimelegea. Kiraka peke yake hakitaponya. Rudisha utepe kwanza.

Namna ya nne ni kupasuka katika shina la valvu. Upepo ukiwa kidogo, mpira wa nje huteleza polepole juu ya janti kila unapotia moto au kufunga breki. Huuvuta mpira wa ndani pamoja nao, lakini valvu imeshikwa katika tundu la janti, haiwezi kwenda. Mwisho hukatika. Tundu hilo ni gumu mno kulitengeneza, na mara nyingi mpira wa ndani ni wa kutupwa.

Sasa hesabu mwenyewe. Katika namna hizi nne, ya kwanza tu ndiyo inayotoka njiani. Ya pili na ya nne hutoka katika upungufu wa upepo. Ya tatu hutoka katika kutoangalia gurudumu. Ndiyo maana nimesema, mpira hutoboka nyumbani kabla ya kutoboka njiani.

UPEPO

Dawa ya kwanza ni upepo wa kiasi. Watu wengi huukanyaga mpira kwa mguu, au huubonyeza kwa kidole gumba, nao husema, “Ni mzima.” Kidole hakijui. Mama hapimi homa ya mtoto kali kwa mkono tu, hutafuta kipimo. Vilevile kuna kipimo cha upepo, nacho ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Kama huwezi kukinunua peke yako, kikundi cha motari au washirika wa kanisa moja wanaweza kununua kimoja na kukitumia kwa zamu.

Soma maandishi ya mtengenezaji wa pikipiki yako, katika kitabu chake au katika karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kukodi zilizo kwetu, kiasi kilicho desturi ni hiki: gurudumu la mbele, bar 1.75, gurudumu la nyuma ukiwa peke yako, bar 2, gurudumu la nyuma ukiwa na abiria, bar 2.25. Kipimo chako kikiwa na herufi PSI, hesabu hizo ni karibu 25, 29 na 33. Ikiwa kitabu cha pikipiki yako chasema neno jingine, fuata kitabu chako.

Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi. Mpira ukienda safari hupata moto, na upepo wa ndani huongezeka nguvu. Ukipima saa hiyo utafikiri umezidi, utaupunguza, na kesho asubuhi utakuwa na upepo kidogo mno. Tena jua ya kuwa hata mpira usio na tundu hupoteza upepo polepole siku kwa siku. Pikipiki iliyolala wiki mbili chini ya mti si tayari kwa safari.

Wengine wamesikia ya kuwa mpira uliolegea hushika vizuri katika matope na mchanga. Ni kweli, hushika. Wale wanaoshindana kwa pikipiki katika nchi nyingine hupunguza upepo, lakini wana kifungo maalumu cha chuma kinachoshika mpira wa nje usiteleze kwenye janti, na hawabebi mgonjwa wala magunia. Njia ya kutoka Baraka kwenda Fizi ina mawe. Ukipunguza upepo kwa ajili ya matope ya bondeni, mawe ya mlimani yatakudai. Basi kama umelazimika kupunguza ili utoke matopeni, piga upepo tena kabla ya kuendelea.

Wala usizidishe upepo ukidhani umejilinda. Mpira mgumu kama jiwe huruka-ruka, huteleza, na mawe makali huukata kwa urahisi.

MZIGO

Kila mpira una mzigo wake. Bidoni moja ya mawese ya lita 20 ina uzito wa karibu kilo 18. Ukifunga bidoni tatu nyuma, umeongeza kilo 54, yaani kama mtu mmoja. Ukiweka na abiria wawili mbele ya bidoni hizo, sasa pikipiki iliyofanywa kwa watu wawili inabeba uzito wa watu wanne, na uzito huo karibu wote umekaa juu ya gurudumu la nyuma. Ikiwa mpira utabanwa kwenye jiwe, usiseme ni jiwe baya.

Motari, najua ya kuwa abiria wa tatu ni chumvi ya chakula cha watoto wako. Lakini toa hesabu kamili. Weka upande mmoja fedha ya abiria yule. Weka upande mwingine fedha ya mpira wa ndani, fedha ya fundi, na saa ulizokaa njiani bila kazi. Utaona abiria wa tatu alikula faida ya wale wawili.

Nawe abiria, usimsukume motari kwa maneno, ukisema, “Niongeze na gunia hili, ni dogo tu.” Mzigo wako waweza kumwangusha mwenzako.

NAMNA YA KUENDESHA

Ukiona jiwe au ukingo wa shimo, punguza mwendo kabla ya kulifikia. Kisha achia breki wakati gurudumu linapopita juu yake. Ukifunga breki ukiwa juu ya jiwe, uzito wote huja mbele, na mpira hubanwa. Kama huna abiria, simama kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, ili miguu yako ipokee pigo badala ya gurudumu. Mtu aketiye kama gunia huiumiza pikipiki, nao mgongo wake huumia.

Fuata ule mstari ambao magurudumu ya wengine yameukanyaga, hasa panapopita katikati ya michikichi. Pembeni mwa njia ndipo miiba hulala. Usikanyage majivu meusi mahali ambapo mipira ilichomwa. Ukivuka mto wakati wa masika, usiingie mbio. Maji ya mafuriko huleta mawe mapya kila usiku, na njia uliyoijua jana si njia ya leo. Shuka, pita kwa miguu kama maji ni machache, uone. Kama maji ni mengi na yanakwenda kwa nguvu, ngoja.

KILA ASUBUHI, DAKIKA TANO

Tunawafundisha watoto kunawa mikono kabla ya kula, mpaka iwe desturi. Mwenye pikipiki naye ajifanyie desturi ya dakika tano kabla ya kutoka.

1. Pima upepo wa magurudumu yote mawili.
2. Zungusha kila gurudumu polepole, utazame mpira wa nje. Ng'oa mwiba, kijiwe au waya uliokwama. Mwiba haupenyi kila mara siku ya kwanza. Mara nyingi hukaa katika pine, ukisukumwa ndani kidogo kidogo, mpaka siku ya tatu ukafika. Ukiung'oa siku ya kwanza umeliepuka tundu.
3. Tazama meno ya mpira. Yakiisha, ukabaki laini kama kipara, mwiba una njia fupi sana ya kupita. Tazama na ubavuni kama kuna mpasuko.
4. Tazama valvu. Yapasa isimame wima. Ikiwa imeinama, mpira umeanza kuteleza. Toa upepo, uinyoshe, kisha jaza tena. Mafundi wenye ujuzi hawaikazi ile nati ndogo ya valvu chini kwenye janti. Huipandisha juu, ikae chini ya kifuniko, ili valvu ikianza kuvutwa iiname na kuonekana, isikatike kwa siri.
5. Tia mate au povu la sabuni juu ya valvu. Ukiona mapovu yanatoka, upepo unavuja hapo. Kaza moyo wa valvu, kisha rudisha kifuniko chake, maana kifuniko huzuia vumbi.
6. Gonga njiti moja moja kwa chuma kidogo. Njiti iliyokazwa hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hulia kwa sauti nzito. Mpelekee fundi.

KUTENGENEZA VEMA

Kiraka kibaya ni tundu lililofichwa. Kama unatengeneza mwenyewe, fanya hivi.

Kabla ya kuubandua mpira wa nje, usukume uingie katikati ya janti, mahali penye bonde, upande ulio mbali na mikono yako. Hapo utafunguka bila kushindana. Tumia vyuma laini vya kazi hiyo. Usitumie kisu wala bisibisi kali, kwa kuwa matundu mengi hufanywa na mtengenezaji mwenyewe.

Toa mpira wa ndani, uujaze upepo kidogo, uutie katika maji, uone mapovu. Ukaushe. Kwaruza mahali pa tundu kwa msasa, pawe papana kuliko kiraka. Futa vumbi. Paka kole nyembamba, kisha ngoja mpaka isishike kidole tena. Watu wengi hawana subira hapa, hubandika kole ikiwa mbichi, na kiraka hutoka njiani. Bandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni.

Sasa fanya neno ambalo wengi hulisahau. Mwiba uliotoboa ungali ndani ya mpira wa nje. Chukua kitambaa, usitumie mkono mtupu, upanguse ndani ya pine yote mpaka kitambaa kikwame. Hapo ndipo adui alipo. Asiyemtafuta atatoboa mpira mara ya pili kabla ya kufika nyumbani, kisha atasema amerogwa.

Paka poda ya mtoto juu ya mpira wa ndani, ili usishikamane na ule wa nje na kujisugua. Utie upepo kidogo kabla ya kuurudisha, usikunjike. Ikiwa pine ni ngumu kuingia, tumia maji ya sabuni. Usitumie mawese, wala mafuta ya injini, wala mafuta ya taa, kwa maana mafuta huyeyusha na kulegeza mpira. Tena ukinunua mpira wa ndani mpya, soma hesabu zilizo ubavuni mwa pine yako. Ikiwa imeandikwa 2.75-21, maana yake upana ni inchi 2.75, na janti ni inchi 21. Mpira wa ndani wa hesabu nyingine utakunjika au utavutika, nao hautadumu. Kama uwezo wako unaruhusu, chagua mpira wa ndani ulio mnene.

MPIRA UKITOBOKA NJIANI

Hata mwenye bidii aweza kutobokewa. Kwa hiyo beba mfuko mdogo: pompi, viraka, kole, msasa, vyuma vya kufungulia, ufunguo wa gurudumu, na mpira mmoja wa ndani ulio mzima. Kumbuka mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Waliobeba mafuta ya akiba ndio walioingia.

Upepo ukitoka ghafula, usifunge breki kwa nguvu, hasa ya gurudumu lililotoboka. Shika usukani imara, achia moto, uiache pikipiki ipunguze mwendo yenyewe. Hapa ndipo wengi huanguka. Kwa sababu hiyo uvae kofia ngumu, na abiria naye avae. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kutolewa mwaka 2008 umeonyesha ya kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia.

Ikiwa una mgonjwa, mtazame yeye kwanza, gurudumu baadaye. Mlaze kivulini. Simamisha pikipiki ya kwanza inayopita, mwombe mwenyewe ampeleke, na ndugu wa mgonjwa aende naye. Mgonjwa wa kipindupindu aendelee kunywa maji ya SRO kidogo kidogo. Mama anayetoka damu baada ya kuzaa alazwe, afunikwe, mtoto anyonyeshwe, na mwanamke mmoja amsugue tumbo chini ya kitovu mpaka pawe pagumu. Mtoto aliyezimia au anayeshikwa na degedege alazwe ubavu, asinyweshwe kitu chochote.

Nawe motari mwingine uonaye wenzako wamekwama na mgonjwa njiani, unajua habari ya Msamaria. Usipite upande wa pili.

KAZI YA KANISA NA KIJIJI

Si kazi ya wenye pikipiki peke yao. Kila mtu anayetembea katika njia hii ana sehemu yake. Mkata mawese, usitupe vikonyo vya miiba njiani. Virundike mbali. Vijana, msichome mipira barabarani. Fundi wa nyumba, okota misumari yako jioni. Siku ya salongo, wazee watume watu kuangalia njia iendayo kituo cha afya kwanza, waondoe mawe yaliyochongoka, wafukie mashimo, waokote nyuzi za waya. Njia hiyo ndiyo atakayopitishwa binti yako siku ya uchungu wake.

Na kila kanisa lililo mbali na hospitali laweza kuweka sanduku moja nyumbani kwa mzee wa kanisa, lenye pompi, kipimo, viraka na kole. Sanduku hilo ni dawa, ijapokuwa halina vidonge.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, tunapofundisha ya kuwa kuzuia ugonjwa ni bora kuliko kuutibu, watu huitika vizuri, kisha husahau, kwa sababu ugonjwa uliozuiwa hauonekani. Hakuna anayemshukuru mtu kwa tundu ambalo halikutokea. Muuguzi hufika mapema, akina mama wangali chini ya mwembe, watoto huchanjwa, wote hurudi nyumbani, na hakuna habari ya kusimulia.

Kesho asubuhi, kabla ya kuiwasha pikipiki yako, piga goti chini. Omba kwanza. Kisha, ukiwa ungali hapo chini, pima upepo.